Uzi maalumu: Uongozi wa afya ya jamii kupitia vyuo vikuu. Kazi hii inamtaka mtu wa namna gani?

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Wapo vijana ambao wamekuwa wakiniuliza kwa faragha namna ya kuingia katika uongozi wa afya ya jamii, hasa zile nafasi zinazomweka mtu katikati ya chuo kikuu na wananchi. Kwa kuwa maswali yao yanafanana, nimeona ni heri nijibu hapa ili wenye uzoefu wengine nao wachangie. Nimetumia sehemu kubwa ya utumishi wangu katika kazi hii, naipenda, na ningependa anayeiingia aingie akijua anachokabidhiwa.

Vyuo vikuu karibu vyote hujitambulisha kwa majukumu matatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Mara nyingi hilo la tatu ndilo lenye bajeti ndogo na watumishi wachache, na ndilo tunalolizungumzia. Mratibu wa huduma kwa jamii katika kitivo cha afya ya umma hupanga mafunzo ya wanafunzi nje ya darasa, hulea uhusiano na viongozi wa mitaa, vikundi vya wagonjwa na wahudumu wa afya ya jamii, huitisha vikao vya bodi ya ushauri ya jamii, husimamia ridhaa ili isiwe kupiga saini tu, na hurudisha matokeo ya utafiti kwa watu waliotoa taarifa zao. Kutoka hapo mtu anaweza kupanda hadi ukurugenzi wa kituo, unaibu mkuu wa kitivo, au uongozi wa shirika linaloshirikiana na chuo.

Wengi hudhani sifa kuu ya kazi hii ni shahada ya uzamili. Shahada inahitajika, na nitaieleza nikiulizwa. Hata hivyo msimamo wangu ni kwamba mtaji wa kazi hii ni kuaminiwa na watu, na kwamba mwajiri wako atauazima mtaji huo karibu kila siku. Kila mtafiti anayekuomba umtambulishe kwa wananchi anaingia nyumbani kwa watu kwa jina lako wala si kwa jina la chuo. Kiongozi wa afya ya jamii ni yule anayejua lini akubali kuuazimisha mtaji huo, kwa masharti gani, na lini akatae kabisa.

Historia ina mfano mmoja unaotia moyo na mwingine unaotisha, na yote miwili ningependa kila kijana aingie nayo kazini.

Mwaka 1940 madaktari wawili, Sidney Kark na mkewe Emily, walianzisha kituo cha afya huko Pholela, eneo la vijijini la Natal, Afrika Kusini. Waliwafundisha wenyeji kuwa wasaidizi wa afya, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuandika hali ya kila kaya, na taarifa hizo ndizo zilizoamua kituo kishughulikie nini kwanza. Utapiamlo ulipojitokeza kuwa tatizo kubwa, bustani za mboga zikawa sehemu ya kazi ya kituo. Mwaka 1957 mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani aitwaye Jack Geiger alikwenda kujifunza huko. Miaka michache baadaye, yeye na mwenzake Count Gibson walitumia fedha za serikali ya Marekani, chini ya Chuo Kikuu cha Tufts, kufungua kituo cha Columbia Point mjini Boston mwaka 1965 na kingine Mound Bayou, Mississippi, mwaka 1967. Vituo hivyo viwili ndivyo vilivyofungua njia kwa mfumo mzima wa vituo vya afya vya jamii nchini humo.

Wanaosimulia habari hii humtaja Geiger, na anastahili. Mimi ningewaomba vijana wamtazame zaidi John Hatch, mratibu wa jamii aliyetangulia Mississippi kuketi na watu na kuwasikiliza, kisha akawasaidia kuunda vyama vyao vya afya. Wengi wao walikuwa vibarua weusi waliobaki bila kazi baada ya mashine kuingia kwenye mashamba ya pamba, na walipoulizwa wanahitaji nini, walitaja chakula, kazi, nyumba na maji. Kituo kilichimba visima na kujenga vyoo. Madaktari waliandika chakula kwenye vyeti vya dawa, na familia zikakichukua madukani kwa gharama ya kituo. Wafadhili walipohoji matumizi hayo, Geiger alijibu kwamba kwa mujibu wa vitabu vyake vya udaktari, tiba ya utapiamlo ni chakula. Baadaye wenyeji walianzisha ushirika wa kilimo. Miongoni mwa waliouongoza alikuwa L. C. Dorsey, mtoto wa wakulima waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Dorsey aliendelea na masomo hadi shahada ya uzamivu, na miaka mingi baadaye akawa mkurugenzi wa kituo chenyewe. Nikiulizwa mradi wa chuo hupimwa kwa nini, hutaja jambo hilo: mtu aliyehudumiwa na kituo amekuja kukiongoza.

Mfano wa pili ni Tuskegee, jimbo la Alabama. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ugonjwa wao na bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida mwishoni mwa miaka ya 1940. Hilo wengi wanalijua. Wasilolitafakari ni nafasi ya muuguzi Eunice Rivers, mwanamke mweusi aliyesomea papo hapo Tuskegee. Alizijua familia za wanaume wale, akiwachukua kwa gari kwenda kupimwa na kuwafariji walipougua, na kwa miaka mingi ndiye aliyewafanya waendelee kuja. Walimwamini yeye. Historia bado inajadili yeye mwenyewe alijua kiasi gani na angeweza kufanya nini mbele ya madaktari waliomzidi cheo, nami sitaki kumhukumu hapa. Ninachosema ni kwamba nafasi aliyokuwa nayo, ya mtu anayependwa na wananchi na kulipwa na taasisi, ndiyo hasa nafasi mnayoiomba ninyi.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Shikamoo mwalimu, na ahsante kwa uzi huu. Mimi nina shahada ya kwanza ya sosholojia, sijasomea udaktari wala uuguzi. Naona matangazo mengi ya nafasi hizi yanataka shahada ya uzamili ya afya ya umma na uzoefu wa miaka kadhaa. Je, mtu kama mimi ana njia, au nianze upya na masomo ya tiba?

Mleta uzi

Marahaba. Usianze upya, kwa sababu sosholojia ni mlango mzuri, na katika fani hii utakutana na wanasheria, walimu, wataalamu wa lishe na hata wahandisi wa maji. Ukipata nafasi ya shahada ya uzamili, chagua masomo yatakayokuwezesha kuisoma takwimu bila kumtegemea mtu: epidemiolojia ya msingi (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika watu), biostatistiki (takwimu za afya), na mbinu za utafiti shirikishi, yaani unaofanywa pamoja na wananchi. Huhitaji kuwa bingwa wa hesabu. Unahitaji kuweza kumwambia profesa, kwa adabu na kwa ushahidi, kwamba sampuli yake imewaacha nje watu wanaoishi pembezoni mwa eneo.

Uzoefu unaotajwa kwenye matangazo huanza chini kuliko wengi wanavyodhani. Mtu aliyewahi kuwa mdadisi wa madodoso, katibu wa kikundi cha wagonjwa wa kisukari, au msimamizi wa wahudumu wa afya ya jamii ana uzoefu halisi, mradi aweze kuuandika. Usiandike kwamba ulishiriki katika uhamasishaji. Andika ulisimamia watu wangapi, ulitunza fedha kiasi gani, na kitu gani kilibadilika ambacho mtu mwingine anaweza kukithibitisha.

Jambo ambalo masomo mengi hayalifundishi ni fedha na maandishi ya ofisi. Jifunze kusoma bajeti ya ruzuku mstari kwa mstari, hasa fungu ambalo chuo hukata kwa ajili ya uendeshaji na fungu linalowafikia wananchi. Jifunze kuandika muhtasari wa kikao siku hiyo hiyo na kuusoma mbele ya waliohudhuria kabla haujasainiwa. Nimeona miradi mizuri ikivunjika kwa sababu kila upande ulikuwa na kumbukumbu yake ya kilichokubaliwa.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze kwa upande wa mrejesho, maana mimi ni muuguzi wa afya ya jamii na nimekaa upande wa wananchi zaidi kuliko upande wa chuo.

Timu moja ya watafiti niliyofanya nayo kazi ilikuja kutoa matokeo ya utafiti wa magonjwa ya kuhara kwa watoto. Mratibu wao alikuwa amejiandaa ipasavyo. Matokeo yalikuwa kwenye karatasi moja kubwa iliyobandikwa ukutani tangu jana yake, kwa maandishi ambayo mtu wa nyuma anaweza kuyasoma, na aliyesimama kuyasoma alikuwa mama wa mtaa huo huo aliyekuwa mdadisi. Maprofesa walikaa kwenye mabenchi pamoja na watu wengine. Baada ya kusomwa, mzee mmoja akainuka, akaenda hadi ukutani, akaweka kidole juu ya mstari mmoja wa jedwali na kuuliza nyumba hizo zinachota bomba lipi. Jedwali lilikuwa limepangwa kwa umri wa watoto na elimu ya mama, kwa hiyo halikuwa na jibu. Taarifa za bomba zilikuwemo kwenye madodoso, ila hakuna aliyekuwa amezichambua kwa namna hiyo.

Kikao kilichofuata walirudi na ramani. Hawakuweka alama ya nyumba yoyote, kwa sababu kamati ya maadili ilitaka kaya zisitambulike, bali walichora kila bomba na kivuli cha eneo linalolitegemea. Tofauti ilionekana wazi: eneo la bomba mbili za mwisho kwenye mstari wa maji, ambako maji hukatika mara kwa mara na watu huyahifadhi kwenye mapipa, lilikuwa na watoto wengi zaidi walioharisha. Kamati ya maji ya wananchi ndiyo iliyoichukua ramani hiyo na kuipeleka kwa mamlaka husika ikiwa na saini zao. Chuo kilibaki kuwa shahidi wa takwimu.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi, lakini nasisitiza kwamba kuaminiwa hakutoshi ikiwa mrejesho unafanywa mwishoni kama sherehe ya kufunga mradi. Ukifanywa mapema, wananchi huuliza maswali ambayo watafiti hawakuwa nayo, na bado muda upo wa kuyajibu.

Mleta uzi

Ahsante sana, dada yangu. Mfano huo una mzizi wa zamani. Ramani ya kipindupindu ya daktari John Snow, ya London mwaka 1854, inafahamika na kila mwanafunzi wa fani hii: ilionesha vifo vikizunguka pampu moja ya maji, naye akashikilia kwamba ugonjwa ulienezwa na maji hayo. Wachache humkumbuka Henry Whitehead, kasisi kijana wa mtaa ule, ambaye awali hakukubaliana na Snow, lakini kwa kuwa alizijua familia aliweza kurudi nyumba hadi nyumba na kuuliza nani alikunywa maji ya pampu ile na nani hakunywa. Uchunguzi wake ulimpeleka hadi kwa mtoto mchanga aliyeugua kwenye nyumba iliyokuwa jirani kabisa na pampu, na ukaipa nguvu hoja ya Snow. Daktari alikuwa na nadharia, mwenyeji alikuwa na milango iliyofunguliwa, na ushahidi ukahitaji wote wawili.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, nawaheshimu, ila naomba tuwe wakweli kwa vijana. Chuoni mtu hupandishwa cheo kwa machapisho na kwa ruzuku anazoleta. Saa unazotumia kwenye vikao vya mtaa hazihesabiwi popote. Nimeshuhudia mtaalamu hodari akikaa ngazi ile ile miaka mingi huku wenzake waliotumia takwimu zilizopatikana kwa jasho lake wakipanda. Kumshauri kijana aingie humo bila kumweleza hilo si haki.

Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Tatizo hilo ni la kweli na linaondoa watu wazuri.

Wapo wanaoingia kama wahadhiri na wapo wanaoingia kama watumishi wa utawala, na hatari zao hazifanani. Anayeingia kama mhadhiri aombe, kabla ya kusaini mkataba, kuoneshwa kwa maandishi kama kanuni za upandishaji vyeo zinaitambua huduma kwa jamii na ushahidi gani unakubalika. Vyuo vingine vina utaratibu huo, vingine vina sentensi moja isiyo na vigezo, na tofauti hiyo ni kubwa. Kisha atunze kumbukumbu tangu siku ya kwanza: barua za viongozi wa jamii, sera au taratibu zilizobadilika, mitaala iliyoandaliwa, wanafunzi waliosimamiwa. Anayeingia kama mtumishi wa utawala ahakikishe jina lake linaingia kwenye maombi ya ruzuku likiwa na asilimia ya muda wake, na makubaliano ya uandishi yaandikwe kabla taarifa hazijaanza kukusanywa. Mtu aliyechangia kubuni utafiti, kutafsiri matokeo na kuandika ni mwandishi mwenza, awe na shahada ya uzamivu au asiwe nayo. Vivyo hivyo kwa wananchi.

Nikiri pia kwamba njia ya juu kwa wengi wetu hutoka nje ya chuo. Mtu anaweza kwenda kuongoza idara ya afya ya eneo au shirika, kisha akarudi chuoni akiwa na sauti ambayo hangekuwa nayo kama angebaki ndani.

Mchangiaji wa nne

Kuhusu kupima kazi, nadhani kuna la kujifunza kutoka Bangladesh. Katika miaka ya 1980 shirika la BRAC liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha, na kufikia mwaka 1990 walikuwa wamezifikia kaya zaidi ya milioni 12. Malipo ya mwalimu hayakutegemea idadi ya nyumba alizopita. Wakaguzi walirudi baadaye kwenye baadhi ya nyumba, na mwalimu alilipwa kwa kadiri akina mama walivyokumbuka na kuweza kufanya walichofundishwa. Sisi huku bado tunaandika ripoti za idadi ya waliohudhuria semina.

Mleta uzi

Mfano mzuri, na uzuri wake ni kwamba mkaguzi alikwenda kumwuliza mama mwenyewe. Ningeongeza tahadhari moja tu kwa yeyote atakayeajiri wahudumu wa afya ya jamii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza walipwe malipo yanayolingana na uzito wa kazi, muda na mafunzo yao, na malipo hayo yasitegemee peke yake, wala kwa sehemu kubwa, vipimo vya ufanisi. Kumwita mtu mtu wa kujitolea huku akifanya kazi siku nzima kwa posho ya nauli ni dhuluma, hata kama bajeti imeandikwa vizuri. Kiongozi anayewategemea watu hao ndiye anayepaswa kulisema hilo mbele ya mfadhili.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, swali la mwisho. Umesema kuna wakati wa kukataa kuazimisha uaminifu wako. Kijana aliyeajiriwa jana anamkataliaje profesa? Na ruzuku inapokwisha na chuo kikaondoka, uso wako utauweka wapi mbele ya wananchi?

Mleta uzi

Kijana peke yake hawezi, na hapaswi kuachwa peke yake. Ndiyo maana nasisitiza bodi ya ushauri ya jamii iwepo kabla mradi haujaja, iwe na wajumbe waliochaguliwa na vikundi vyao wenyewe badala ya kuteuliwa na chuo, na iwe na haki iliyoandikwa ya kupokea maombi ya utafiti na kuyarudisha. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, la mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya msingi ya afya, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya, na kanuni za bodi ni mahali pa kuligeuza tamko hilo kuwa utaratibu. Mtafiti akija kwako, unampokea vizuri, unampa fomu, na unamweleza tarehe ya kikao. Wakiukataa utafiti wake, wamekataa wao.

Maswali ninayoyaweka kwenye fomu hiyo ni machache. Nani aliuliza swali hili kwanza? Fedha ngapi zitabaki mikononi mwa wananchi? Taarifa zitatunzwa na nani, na nani anaweza kuomba zifutwe? Matokeo mabaya yakipatikana, tutawaambia lini na nani atawatibu? Swali hilo la nne linatoka moja kwa moja Tuskegee, na mtafiti asiye na jibu lake simtambulishi kwa mtu yeyote.

Kuhusu ruzuku kwisha, mwisho wa mradi hujulikana tangu siku ya kusaini, kwa hiyo uwekwe mezani siku hiyo. Kwenye hati ya makubaliano pawepo ukurasa unaoeleza nani atabaki na vifaa, wahudumu wataendelea kulipwa na nani au watasitishwa lini, nakala ya takwimu itakaa ofisi gani ya wananchi, na nani wa chuo atakayeendelea kupokea simu baada ya hapo, kwa cheo chake na kwa muda uliotajwa. Mimi hutaka ukurasa huo usomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kwanza. Baadhi ya watu hukasirika wakiusikia, na wengine hudai masharti yaongezwe. Wapewe nafasi ya kuyaongeza, na mkutano usifungwe hadi yaandikwe.